UZI: Kumsoma Severian mara ya pili – tenganisha jicho lake na mdomo wake

#1 Kurasa_Mbili (mleta mada)

Wakuu, uzi huu ni wa waliokwisha kumaliza juzuu nne za The Book of the New Sun za Gene Wolfe angalau mara moja. Humu kila kitu kinaanikwa. Aliye bado njiani apite kimyakimya, amalize kwanza, ndipo arudi. Kitendawili kikishateguliwa hakina utamu wa kutegwa tena.

Kwanza hesabu. Juzuu ya kwanza ilitoka 1980, ya pili 1981, ya tatu 1982, ya nne 1983. Sura ni 35, 31, 38 na 38, jumla 142. Ipo na ya tano, The Urth of the New Sun, ya 1987. Hiyo tuiweke kando mpaka mwisho. Matoleo mengi ya sasa yanabana juzuu mbilimbili katika jalada moja, kwa hiyo ukiletewa vitabu viwili vinene hujapunjwa.

Severian ni mwanagenzi wa chama cha watesaji katika jiji la Nessus. Dunia imezeeka, jua linafifia. Anampa mfungwa anayempenda kisu ili ajiue na kuepuka mateso, anafukuzwa, anasafiri kuelekea kaskazini, na mwishowe anakuwa Autarch, yaani mtawala. Anayeandika ni yeye mwenyewe, tayari ameshakalia kiti. Hilo la kiti analitamka mwishoni mwa sura ya kwanza kabisa, na msomaji wa mara ya kwanza hulipita kama aliyeona kibao cha barabara usiku.

Sasa hoja yangu. Severian anasema hasahau kitu. Anasema pia, katika sura za mwanzo hizohizo, kwamba kwa kiasi fulani ana wazimu. Wasomaji hugawanyika: kundi moja linaamini kila neno, lingine linamwita mwongo mwanzo mwisho. Makundi yote mawili yanapotea. Msome kama hakimu anavyomsikiliza shahidi. Alichokiona ni kitu kimoja. Anachosema kuhusu alichokiona ni kingine. Macho yake mazima. Kinachopinda ni maelezo, mpangilio, na yale anayoyaruka.

Ili hili lisibaki maneno matupu, chukua daftari na ugawe kila ukurasa safu tatu:

Safu ya 1: kitu kilichoonekana, kwa maneno ya kawaida, bila jina alilokipa yeye.
Safu ya 2: Severian anasema ni nini.
Safu ya 3: watu wengine waliopo wanasema au wanafanya nini mbele ya kitu hicho.

Jaribu na sura ya 5, pale mzee Rudesind anaposafisha picha. Safu ya 1: mtu aliyevaa vazi zima la kinga, hana silaha, amesimama jangwani, ameshika mti wenye bendera iliyokakamaa isiyopepea, kioo cha usoni ni cha dhahabu tupu na ndani yake unaonekana mchanga tu. Safu ya 2: shujaa wa vita fulani. Ukiandika safu ya 1 peke yake, kalamu inasimama yenyewe: ni mwanaanga juu ya mwezi. Bendera haipepei kwa kuwa hakuna hewa. Severian ameona kila kitu sawasawa na hajaelewa hata kimoja.

Kasi: sura 10 kwa wiki, utamaliza kwa wiki 15. Ukizidisha, safu ya 3 ndiyo huanza kubaki tupu, na mali yote imo humo.

#2 Mwanafunzi_wa_Usiku

Mkuu, nondo. Lakini wengi humu tunakwamia maneno. Fuligin, destrier, armiger, hydrargyrum, cacogen. Mara ya pili nisome na kamusi mkononi?

#3 Zebaki

Hapana. Au tuseme: si ukiwa katikati ya sura.

Karibu hakuna neno alilolibuni Wolfe kama waandishi wengine wa fantasia wanavyobuni. Karibu yote ni maneno halisi ya zamani au yametokana nayo, mengi ya Kilatini na Kigiriki. Nyongeza iliyo mwishoni mwa juzuu ya kwanza inadai kitabu kimetafsiriwa kutoka lugha ambayo bado haijazaliwa, na kwamba mfasiri, pale alipokosa neno, aliweka la kale linalokaribia. Soma nyongeza hiyo KABLA ya sura ya kwanza safari hii. Maana yake ni hii: hata "destrier" si farasi kamili. Ni mnyama wa kupandwa anayefanya kazi ya farasi. Tazama anavyokula na miguu ilivyo, usitazame jina.

Njia inayofanya kazi ni kuyagawa maneno mafungu.

Vyeo na matabaka: haya yaweke kwenye karatasi moja, maana yanaathiri nani anamnyenyekea nani. Exultants ni wa juu, halafu armigers, halafu optimates, kisha watu wa kawaida.

Fedha: chrisos ni dhahabu, asimi ni fedha, orichalk ni shaba njano, aes ni chenji. Ukijua hivyo, kila mtu anapolipa au kuhongwa utajua ni hongo ya uzito gani.

Wanyama: mengi ni majina ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Usiwachore kichwani kama walivyo makumbusho.

Yaliyobaki yaache yapite, kamusi ufungue mwisho wa sura. Anayefungua kamusi mara nane katika ukurasa mmoja atajua fuligin ni weusi uliozidi weusi, lakini hatajua nani aliingia chumbani wakati huo.

Na kuna maneno ambayo Severian mwenyewe anayafasiri. Hapo ndipo kamusi ni silaha. Upanga wake umeandikwa Terminus Est. Yeye anasema kwa kujiamini kwamba maana yake ni mstari wa kutenganisha. Kilatini chake ni kifupi zaidi: ni mwisho, ni mpaka. Si kosa kubwa, lakini umemwona kijana alivyo: akijua nusu, anatamka kama anayejua yote.

#4 Kurasa_Mbili

Na huo upanga, kwa wasioukumbuka: ndani yake kuna mfereji wenye zebaki. Ukiinuliwa, zebaki inarudi kwenye mpini na upanga unakuwa mwepesi. Ukishushwa, inakimbilia nchani na kuongeza uzito wa pigo. Mwandishi alikuwa mhandisi kweli, alishiriki kutengeneza mtambo wa kupikia Pringles, na baadaye alihariri jarida la uhandisi wa viwanda hadi 1984. Kila kitu kitabuni kina bawaba. Ukikuta kitu kimewekwa mahali, ujue kuna kinachokishikilia upande wa pili.

(Jina lako limekukaa vizuri, Zebaki.)

#5 Bi_Msomi

Nami niweke la majina, kwa sababu hapa msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua.

Karibu binadamu wote humu wana majina ya watakatifu, mengine ya watakatifu ambao hata padri wako atalazimika kuwatafuta. Viumbe wasio binadamu ndio wenye majina ya miungu na visasili. Famulimus, Barbatus na Ossipago ni miungu midogomidogo ya Kirumi, na kweli hao watatu si watu. Baldanders ni jina la jini wa ngano za Kijerumani anayebadilika-badilika. Kwa hiyo jina peke yake linakupa nusu ya jibu kuhusu asili ya mhusika.

Sasa: Dorcas. Kwetu Dorkasi ni jina la dada wa kwaya na la mama wa jirani, hatulishangai. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 9, kuanzia mstari wa 36. Dorkasi, yaani Tabitha wa Yafa, alikufa, wakamwosha, wakamlaza orofani, na Petro akamwambia ainuke. Sasa rudi juzuu ya kwanza, sura ya 22, yenye jina hilo kama kichwa. Msichana anaibuka ziwani, ana tope, hajui ametoka wapi. Wolfe ameandika jibu kwenye paji la uso wake, na tunalipita kwa sababu tumelizoea.

Thecla, yule mfungwa aliyepewa kisu, ni Tekla, mfuasi wa Paulo katika masimulizi ya kale ya Kikristo. Jonas, mwenzake Severian wa safarini, ni Yona: ukijua hivyo, safari zake za chombo hazitakushangaza. Chama cha watesaji nacho kina mlinzi wake, Katharine, mwenye gurudumu na mawaridi. Liweke jina hilo karibu, tutalihitaji.

#6 Kurasa_Mbili

Bi Msomi, shukrani. Basi ngoja nimalizie mnyororo wa Dorcas mwanzo mwisho, maana ndio mfano bora wa jinsi Severian anavyotoa ushahidi kamili bila kutoa hukumu. Mkiwa na daftari, wekeni alama moja, tuseme D, kila pete ya mnyororo inapotokea.

D1. Juzuu ya kwanza, kwenye Bustani ya Usingizi Usio na Mwisho. Mzee mwenye mashua anasema mkewe Cas alizikwa ziwani humo, naye anamtafuta maiti yake kwa ndoano. Wafu humo huzamishwa kwa uzito wa risasi. Maelezo yanaonekana ya kupamba tu. Yaandike.

D2. Severian anateleza, anaangukia majini pamoja na upanga. Akipapasa chini, mkono wa mtu unakutana na wake. Anaibuka, na Dorcas yuko hapo. Kumbuka wakati huo kito kiitwacho Claw kiko mkobani mwake bila yeye kujua. Agia, mwanamke aliyefuatana naye, alikificha humo.

D3. Nyumba ya wageni, sura ya 25 na zinazofuata. Mhudumu Ouen anaacha karatasi. Mojawapo ya maneno yake inamwambia mwanamke aliyepo kwamba ni mama yake aliyerudi. Wanawake waliopo ni wawili, na Severian anahangaika ilikuwa ya nani.

D4. Mwanzoni mwa juzuu ya tatu, mjini Thrax, Dorcas anatapika vidonge vya risasi. Rudi D1.

D5. Mwishoni mwa juzuu ya nne Severian, sasa Autarch, anamkuta Dorcas katika nyumba iliyoachwa, karibu na maiti ya mzee yule wa mashua. Hasemi naye. Anaondoka.

D6. Anamhoji Ouen: mama yake alikuwa nani, na alimpenda mwanamke gani. Ouen ana kikasha cha shingoni chenye sura ya mama yake. Mwanamke aliyempenda alitoroka kutoka shirika la watawa. Jina lake Catherine.

Unganisheni wenyewe. Dorcas ni Cas, mke wa mzee, mama wa Ouen. Ouen na Catherine ni wazazi wa Severian. Dorcas aliyelala naye ni bibi yake, mzaa baba. Vipande vyote sita vimo, vimesambaa katika kurasa zaidi ya elfu moja, na anayevitawanya ni mtu anayejisifu kwamba hasahau. Kwa nini basi anamhoji Ouen kwa makini namna ile, kama hajui tayari anachokitafuta?

#7 Zebaki

Hapo ndipo nakupinga, mkuu. Umesema macho mazima, mdomo ndio umepinda. D6 inaonyesha mdomo unajua. Huo si upofu, ni kuficha.

Na kuna kubwa zaidi. Kuanzia karamu ya mwasi Vodalus katika juzuu ya pili, Severian amekula nyama ya Thecla pamoja na dawa ya alzabo, na kumbukumbu zote za Thecla zimo ndani yake. Kitabu kizima kimeandikwa BAADA ya hapo. Sasa rudi kwenye sura za gerezani za juzuu ya kwanza. Kila mazungumzo ya chumbani kwa Thecla, mwandishi anayakumbuka kutoka pande mbili: aliyesimama mlangoni na aliyekaa kitandani. Anatupa upande mmoja tu. Alijua Thecla alimfikiriaje kijana yule, na amekaa kimya.

Mnataka ushahidi kwamba anamsafisha? Ukumbi wa wafungwa ndani ya Jumba la Autarch, juzuu ya pili. Usiku vijana wa kitajiri wanaingia kwa mlango wa siri na kuwachapa wafungwa gizani kwa kujifurahisha. Severian anaujua mlango, na anaujua kwa sababu Thecla aliupita. Alikuwa miongoni mwa wachapaji. Mlinganishe huyo na Thecla wa juzuu ya kwanza, mwenye vitabu na huzuni.

Kwa daftari lako ningeongeza safu ya 4: "mimi" wa sentensi hii ni nani? Kuna mahali nafsi ya kwanza inateleza, inakumbuka utoto wa kifahari, mavazi, watumishi ambao mwanagenzi wa mnarani hakuwa nao. Haitangazwi. Na baada ya Autarch wa zamani kufa katika juzuu ya nne, Severian anabeba pia akili zake na za waliomtangulia. Mwandishi ni umati wa watu wenye kalamu moja.

#8 Kurasa_Mbili

Nakubali safu ya 4. Ila sikubali neno mwongo.

#9 Zebaki

Sijasema mwongo. Nimesema mtawala anayeandika maisha yake mwenyewe. Kwetu sote tunazijua tawasifu za namna hiyo.

#10 Bi_Msomi

Mkigombana, angalieni mapengo, maana yanawahusu wote wawili. Juzuu ya kwanza inaishia langoni mwa Nessus kwenye vurugu. Ya pili inaanza kijijini Saltus. Wenzake karibu wote hawapo, na lililotokea langoni hatulipati kwa ukamilifu. Ya pili inaisha, ya tatu inafunguka tukiwa tayari Thrax, Severian na Dorcas wamekaa wamezoea. Mwisho wa kila moja ya juzuu tatu za kwanza anasimama na kumwambia msomaji kwamba akitaka kuishia hapo hamlaumu. Watu huona ni adabu. Mimi naona ni mtu anayefunga mlango wa chumba kwa upole ili usichungulie.

Zoezi: kwa kila pengo, andika nusu ukurasa wa nini lazima kilitokea ili waliokuwa mahali A wawe mahali B. Usibuni, tumia tu yanayotajwa baadaye kwa kupitia. Pengo la lango ndilo gumu kuliko yote.

Na mahali pa Jolenta, yule mwigizaji mrembo, kwenye mtumbwi ndani ya bustani za Jumba. Someni polepole, muulize Jolenta alikuwa katika hali gani ya kuweza kukubali au kukataa. Lugha inakuwa nzuri kupita kiasi hapo. Lugha yake ikinona ghafla, shika kalamu.

#11 Mwanafunzi_wa_Usiku

Kuna kitu kilinishtua: kibanda cha msituni kwenye bustani za mimea. Isangoma??

#12 Bi_Msomi

Sura ya 21. Ndiyo, ni neno la Kizulu lenyewe, mganga wa kupiga ramli. Sikio la Kibantu linasikia ngoma ndani yake. Na anawaita wageni wake tokoloshe, kibwengo wa huko Kusini mwa Afrika. Kibandani wamo Robert na Marie, Wazungu. Marie anasoma Biblia, habari za Musa kuonyeshwa nchi asiyoingia, na inatajwa ndege ya barua. Yaani dirisha la kibanda hicho limefunguka kwenye karne ya 20, zama zetu, katikati ya bustani ya mbali mno wakati ujao.

Tumia safu tatu hapo. Nani anamwona nani? Isangoma anawaona Severian na Agia, na anawatambua kuwa mizimu. Robert anashuku. Marie haoni kitu. Katika chumba hicho anayesoma hali vizuri kuliko wote ni mganga, na ndiye Severian anayempuuza. Wolfe hakuliweka jina hilo kwa kupamba.

#13 Nahodha_wa_Kusi

Nimefuatilia kimya, niongeze la ramani.

Tunaosoma tukiwa kusini mwa Ikweta tunaelewa upesi jambo linalowatatiza wasomaji wa Ulaya: humu ukienda kaskazini kunazidi joto, kusini ni barafu. Mto Gyoll unatiririka kuelekea kusini, na jiji la Nessus limekuwa likihama polepole kwenda kaskazini kando ya mto, likiacha mitaa mifu nyuma yake. Kwa hiyo tuko kizio cha kusini. Chora mstari mmoja wima kwenye daftari: chini mitaa mifu, juu yake Ngome yenye mnara wa watesaji, halafu lango, Saltus, Jumba, Thrax, milima, halafu vita. Mstari huo unatosha. Ramani za kina zinakupotezea muda, kwani Severian hatoi umbali wa kuaminika.

Adui wa kaskazini ni Waascia. Jina linatokana na Kigiriki: wasio na kivuli. Severian anatoa maelezo yake, lakini chanzo ni cha jiografia ya kale: watu wa ukanda wa joto, ambako kuna siku jua linakuwa utosini na kivuli unakikanyaga. Mtu wa Dar es Salaam anazo siku hizo mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Yaani ukiwa Kariakoo saa sita mchana, Mwaascia ni wewe.

Na kama mnataka sura moja inayofundisha kukisoma kitabu chote, ni ile ya mateka wa Kiascia hospitalini, juzuu ya nne. Kwao mtu haruhusiwi kusema ila sentensi zilizokwisha kuidhinishwa na serikali. Anasimulia hadithi nzima kwa kuunga sentensi hizo, na Foila, mgonjwa mwenzao, anafasiri: alisema hivi, maana yake ni hivi. Kwa mtu aliyekulia penye kanga si jambo la ajabu. Maneno ya kanga yamechapwa kiwandani, ni yaleyale kwa wanawake elfu, lakini aliyeivaa leo mbele ya jirani yule amesema jambo jipya kabisa na jirani amesikia. Fanya kazi ya Foila kwa Severian. Ila jiulize pia: nani alimhakikishia Foila?

#14 Kurasa_Mbili

Hiyo ya kanga naiiba.

Sasa makosa. Nimeona usomaji wa pili ukiharibika kwa njia hizi, na ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote:

Kuingia na nadharia mkononi. Mtu amesoma mahali kwamba fulani ni dada pacha wa Severian, basi kila mwanamke anayepita anakuwa dada. Tunacho kidokezo halali: katika juzuu ya tatu kuna mvulana mdogo, naye anaitwa Severian, na dada yake anaitwa Severa. Majina ya mvulana na msichana yanakwenda sambamba. Kwa hiyo ni haki kuuliza kama Severian mkubwa naye ana Severa wake. Wengi humtaja Merryn, yule mchawi kijana. Sawa, iandike kama swali, uiache. Swali lisilopata ushahidi mpaka sura ya 142 ni swali, halijawa jibu.

La pili ni kuamini kito. Andika orodha ya kila aliyefufuka au kupona, na mbele yake: kito kilikuwa wapi? Mbwa Triskele, sura ya 4: amekufa, Severian anamgusa, anapona. Kito kinaingia hadithini sura ya 18, gari la Severian na Agia linapovunja madhabahu. Sura kumi na nne baadaye! Upande wa pili, Jolenta anakufa Severian akiwa naye na kito kikiwepo. Na Typhon, mtawala aliyekauka mlimani, anafufuka bila mtu kukusudia. Ukimaliza orodha utaona nguvu zilikuwa za nani, kabla Severian hajasema lolote.

La tatu, kupita haraka pale anapozimia. Severian akipoteza fahamu, simama. Sura ya 27 ya juzuu ya kwanza, pambano la maua ya avern, kichwa chenyewe kinauliza kama amekufa. Jani la ua hilo likigusa damu, mtu haponi. Limempiga kifuani, ameanguka. Anainuka. Tazama safu ya 3: Agilus, mpinzani wake, anapagawa kwa hofu na kukimbia akikata watu. Agilus ameona nini ambacho Severian hakutuambia?

#15 Zebaki

Na kuzama kwake mtoni siku ileile kitabu kinapoanza. Sura ya kwanza ina neno ufufuo kwenye kichwa chake, na sura ya mwisho ya juzuu ya nne inaitwa Ufufuo. Msimulizi anaanza na lango la makaburi, kisha sura ya 2 ndipo anarudi nyuma kusimulia alivyokaribia kufa maji. Mpangilio huo ni wake. Aliweza kuanza na mto.

#16 Mwanafunzi_wa_Usiku

La mwisho kwangu: karatasi, simu au sauti? Na juzuu ya tano lini?

#17 Kurasa_Mbili

Sauti ni nzuri kwa wimbo wa sentensi, mbaya kwa kazi hii. Huwezi kurudi kurasa mia mbili kutazama bendera ilisimamaje. Tumia karatasi kusoma na simu kutafuta. Kitabu cha kielektroniki kinakupa kitu kimoja cha thamani: tafuta neno moja katika juzuu zote. Anza na rose, thorn, fountain, locket, mirror. Tafuta baada ya kumaliza juzuu, si kabla, la sivyo utaona matokeo ya mbele yanayokuharibia. Na usitafute majina ya watu peke yake: Cas na Dorcas ni mtu mmoja, mashine haijui hilo.

Juzuu ya tano: maliza nne, funga daftari, pumzika mwezi. Inaanza kwa Severian kusema muswada wa kwanza ameshautupa na sasa anaandika tena. Inafungua mengi, pamoja na jumba la kaburi la sura za mwanzo lenye nembo ya chemchemi, chombo kirukacho na waridi, alilolichezea utotoni na kulifanya lake. Ukiisoma mapema, utaacha kutafuta.

#18 Nahodha_wa_Kusi

Mwanafunzi, kama una jioni moja tu kabla ya kuamua kurudia vyote: juzuu ya kwanza sura ya 1, ya 3 na ya 9, kwa mpangilio huo. Ya 3 inahusu uso wa Autarch kwenye sarafu. Ya 9 anapelekwa danguro la Nyumba ya Samawati na kupokewa na mwenye nyumba. Mtazame mwenye nyumba usoni.